Njia ya Gotthard na Mpanda Pikipiki

Leo twapenda kuwaelezeni habari za njia moja ya mlimani iliyoko Ulaya, katika nchi ya Uswisi. Jina lake ni njia ya Gotthard. Siku hizi watu wengi huipita kwa pikipiki wakati wa kiangazi, wala hawaipiti kwa sababu ya biashara, bali kwa kupenda kwao. Walakini hatutaeleza furaha yao peke yake. Tutaeleza pia ni nani waliowatengenezea njia hiyo, na kwa gharama gani.

Mtu akiwasha pikipiki yake katika kijiji cha Göschenen, upande wa kaskazini, huweza kufika kijiji cha Airolo, upande wa kusini, kwa muda wa saa moja hivi. Mwendo wake ni karibu maili 20. Hupanda futi zaidi ya 3,000, hufika juu penye baridi na upepo, kisha hushuka tena kiasi hicho hicho. Akiwa mtu asiyefikiri sana, huenda akadhani kwamba amevuka kwa nguvu ya petroli na kwa ustadi wa mikono yake tu. Sivyo hivyo. Chini ya magurudumu yake mna kazi ya miaka 800, na katika kazi hiyo wamo watu wengi waliokufa.

Yafaa kwanza tuujue mlima wenyewe. Milima ya Alpi imekaa katikati ya Ulaya kama ukuta. Kaskazini yake wakaa watu wasemao Kijerumani, kusini yake Wataliani. Ukuta huo una mapengo machache, mahali ambapo mlima umeinama baina ya vilele, hata msafiri akaweza kuvuka. Pengo la namna hiyo sisi tutaliita kipito. Kipito cha Gotthard kina urefu wa karibu futi 6,900 juu ya bahari. Viko vipito vingine virefu zaidi, lakini Gotthard ina sifa yake: ukipita hapo wapanda mara moja na kushuka mara moja, nawe umekwisha kuvuka Alpi. Kwingine kwingi msafiri hulazimika kupanda, kushuka, na kupanda tena.

Kama njia hii ni fupi hivyo, mbona Waroma wa kale, waliokuwa mafundi wakubwa wa barabara, walipendelea kupita kwingine? Sababu ni mto Reuss. Mto huu washuka kutoka mlimani ukielekea kaskazini, na karibu na Göschenen umekata mwamba na kufanya korongo jembamba lenye kuta wima, jina lake Schöllenen. Hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Juu ya korongo palikuwa na bonde zuri la malisho, na chini yake palikuwa na vijiji, lakini korongo lilikuwa kama mlango uliofungwa kwa komeo.

Mlango huo ulifunguliwa katika miaka ya mwanzo ya karne ya 13, yapata mwaka 1220 au 1230. Watu wa mlimani walishikiza njia ya mbao ubavuni mwa mwamba, juu ya maji yaendayo kwa ngurumo, na mahali pabaya kuliko pote wakatupa daraja la mti kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili. Kazi hiyo iliwashangaza watu hata wakasema si kazi ya binadamu. Wakaliita Daraja la Shetani, na hadithi yake yasimuliwa mpaka leo. Yasemwa kwamba wenyeji walishindwa kujenga, Shetani akaja akaahidi kuwajengea, kwa sharti kwamba roho ya kwanza kuvuka iwe mali yake. Daraja lilipokwisha, wenyeji wakamtanguliza mbuzi. Shetani akakasirika, akachukua jiwe kubwa ili alibomoe daraja, lakini njiani akakutana na mwanamke mzee aliyelitia jiwe alama ya msalaba, naye akalitupa chini asiweze kulichukua tena. Jiwe lenyewe laonekana mpaka leo karibu na Göschenen. Lina uzito wa tani karibu 220, na mwaka 1977, barabara mpya ilipojengwa, mainjinia hawakulipasua. Walilisogeza zaidi ya yadi 130 kwa gharama kubwa, kwa kuwa watu walilipenda.

Njia ilipofunguka, nchi ikabadilika. Mwaka 1230 kanisa dogo lililokuwa juu ya kipito liliwekwa wakfu kwa jina la Mtakatifu Gotthard, aliyekuwa askofu wa Hildesheim katika Ujerumani, na kwa ajili yake mlima ukapata jina. Mwaka uliofuata, yaani 1231, watu wa bonde la Uri, wanaokaa upande wa kaskazini, walitolewa katika mikono ya mabwana wa Habsburg na kuwekwa chini ya mfalme mwenyewe. Mwaka 1291 Uri ikafanya agano na majirani zake wawili, Schwyz na Unterwalden, na Waswisi hulihesabu agano hilo kuwa mwanzo wa nchi yao. Basi mwaona kwamba njia huweza kuwapa watu wadogo thamani machoni pa wakubwa.

Lakini ni nani waliochukua mizigo? Walikuwa wanavijiji wenyewe. Kila bonde lilikuwa na chama chake cha wachukuzi, wenye farasi na baghala, nao peke yao walikuwa na haki ya kuchukua mizigo katika sehemu yao ya njia. Mzigo ulifika mpakani, ukawekwa ghalani, kisha ukapokewa na wachukuzi wa bonde la pili. Mwenye haki hii alikuwa pia na wajibu: alipaswa kuitengeneza njia, kuondoa mawe yaliyoanguka, kufanya upya mbao zilizooza, na wakati wa baridi kufungua theluji. Theluji hiyo ni maji yaliyoganda yaangukayo kutoka mbinguni kama pamba nyeupe, na juu ya Gotthard hurundikana kuliko kimo cha mtu. Ng'ombe dume walitangulizwa kuikanyaga, na watu wakafuata nyuma kwa majembe. Wengi walifukiwa na maporomoko ya theluji. Juu ya kipito palikuwa na nyumba ya wageni, na msafiri maskini alipewa chakula na mahali pa kulala bila malipo.

Kwa miaka karibu 500 hakuna gurudumu lililovuka hapo. Kisha mambo yakaenda kidogo kidogo. Mwaka 1708 fundi mmoja wa Ticino, jina lake Pietro Morettini, alimaliza kutoboa mwamba wa Schöllenen, akafanya shimo la urefu wa futi 210 hivi. Hilo lilikuwa tundu la kwanza la barabara katika Alpi, na zile mbao za hatari zilizoning'inia juu ya mto hazikuhitajiwa tena. Mwaka 1775 Mwingereza mmoja aitwaye Greville akavuka kwa gari, nalo lilikuwa jambo la ajabu. Mwaka 1799 vita vikafika mlimani. Jemadari Suvorov wa Urusi, mzee wa miaka karibu 70, alivusha jeshi la watu 20,000 na zaidi kutoka kusini, akapigana na Wafaransa penye Daraja la Shetani. Wafaransa walibomoa sehemu ya njia, Warusi wakaitengeneza kwa mbao huku risasi zikiwapiga. Vita vilipokwisha, nyumba ya wageni ilikuwa imeharibiwa, na wenyeji walibaki na njaa. Wakubwa hupigana, lakini ziumiazo ni nyasi.

Barabara halisi ya magari ilijengwa baina ya mwaka 1827 na mwaka 1830 na baadaye kidogo. Upande wa Uri mkuu wa kazi alikuwa Karl Emanuel Müller, na upande wa Ticino alikuwa Francesco Meschini. Meschini alipewa kazi ngumu. Chini ya kipito, upande wa kusini, liko bonde liitwalo Tremola, maana yake bonde la kutetemeka. Ni bonde jembamba lenye mteremko mkali, na gari la farasi haliwezi kupanda wala kushuka moja kwa moja mahali kama hapo. Basi Meschini aliikunja barabara. Aliipeleka kulia, akairudisha kushoto, akaipeleka kulia tena, kama mshonaji arudishavyo uzi katika nguo, mara 24. Kila kona imekunjwa kama kiwiko cha mkono, na kila moja yashikiliwa na ukuta wa mawe. Ukisimama juu na kutazama chini, waiona barabara yote imelala mlimani kama utepe ulioangushwa.

Tangu mwaka 1842 gari la posta, likivutwa na farasi watano, lilipita kila siku. Wakati wa theluji watu na barua zao walitiwa katika magari madogo yasiyo na magurudumu, yatelezayo. Mwaka 1873 mchoraji Rudolf Koller alilichora gari hilo likishuka kwa kasi katika kona, na ndama aliyeshikwa na hofu akikimbia mbele yake. Picha hiyo Waswisi wote waijua. Lakini wakati huo huo gari la posta lilikuwa limekwisha kuhukumiwa, kwa maana mwaka 1872 chini ya mlima uchimbaji wa tundu la reli ulikuwa umeanza.

Tundu hilo, lenye urefu wa maili 9 na zaidi, lilichimbwa kutoka Göschenen na kutoka Airolo kwa wakati mmoja. Mkuu wa kazi alikuwa Louis Favre wa Geneva, aliyeanza maisha kama seremala. Vibarua wengi walikuwa Wataliani. Ndani palikuwa na joto, maji, moshi wa baruti, na uchafu mwingi. Mwaka 1875 vibarua waligoma huko Göschenen, askari wakawapiga risasi, na watu 4 wakafa. Watu karibu 200 walikufa kwa ajali ndani ya tundu, na wengi zaidi walidhoofika kwa ugonjwa wa safura, ambao baadhi yenu mwaujua. Ni huko ndiko madaktari walikojifunza kwa hakika, mwaka 1880, kwamba udhaifu wa wachimbaji waletwa na minyoo ya tumboni. Favre mwenyewe alianguka na kufa ndani ya tundu mwaka 1879. Miezi michache baadaye, mwaka 1880, pande mbili zilikutana. Yasimuliwa kwamba kabla ya mtu yeyote kupita, picha ya Favre ilitangulizwa katika lile tobo. Gari la moshi likaanza kupita mwaka 1882.

Sasa fikirini hali ya watu wa juu. Kwa miaka 650 wao na baba zao walikula kwa njia ile. Mizigo iliyochukua siku nyingi sasa ilipita chini ya miguu yao kwa dakika chache. Wapanda farasi, wenye ghala, wenye nyumba za wageni, wote waliona kazi yao imekwisha kwa siku moja. Barabara ya Tremola ilibaki na wachunga mbuzi na askari. Mtu angaliweza kusema: Iacheni ife, haina faida tena. Na barabara ya mlimani hufa upesi. Kila mwaka baridi hupasua mawe, maji hula kuta, na theluji husukuma. Ikiachwa miaka michache, mlima huichukua tena.

Wenyeji hawakuiacha. Wala hatusemi kwamba walijua mambo yatakayokuja, kwani chombo kitakachoifufua hakikuwako bado. Mwaka 1885 tu ndipo Wajerumani wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, walipotia injini ndogo ya petroli katika kiunzi cha mti chenye magurudumu mawili, na hiyo ikawa mama wa pikipiki zote za petroli. Katika Uswisi yenyewe ndugu wawili wa Geneva, Henri na Armand Dufaux, walianza kutengeneza pikipiki zilizoitwa Motosacoche karibu na mwanzo wa karne ya 20. Vyombo hivi vilipofika mlimani havikupokewa kwa nderemo. Vilitimua vumbi, vilitisha farasi, na wanavijiji waliona kwamba barabara waliyoijenga kwa kodi yao yaharibiwa na wageni matajiri. Katika Graubünden, jimbo jirani na Uri, motokaa zilikatazwa kabisa mwaka 1900, na wanaume wa jimbo walipiga kura mara nyingi kabla ya kuzikubali mwaka 1925. Wako waliowacheka. Sisi hatuwacheki, kwa sababu mwenye nyumba ana haki ya kuuliza mgeni amekuja na nini.

Baadaye, katika miaka ya 1920, motokaa kubwa za posta zilianza kuvuka Gotthard, na nyuma yake zikaja pikipiki. Barabara iliyotengenezwa kwa mwendo wa farasi ilionekana kuwa yafaa sana kwa chombo chenye magurudumu mawili.

Na kuipita kwataka akili. Mpanda pikipiki aanzaye safari Göschenen huingia kwanza katika korongo la Schöllenen, ambamo jua hufika kwa saa chache tu. Hapo huona Daraja la Shetani la mwaka 1830, na la kisasa juu yake. Lile la zamani zaidi lilianguka mwaka 1888. Akipita kijiji cha Andermatt bonde hufunguka, na baada ya kijiji cha Hospental kupanda huanza kwa kweli. Kila apandapo futi 3,000 joto hupungua kama digrii 6 za sentigredi, na hewa huwa nyepesi. Injini nayo huvuta pumzi kama mtu; ikikosa hewa, hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kwa hiyo mjuzi hateti na chombo chake, bali hubadili gia mapema.

Akifika juu hukuta maziwa madogo, mawe matupu, na ile nyumba ya wageni. Kisha huja Tremola, na hapo ndipo wajuaji na wasiojua hupambanuka. Asiyejua hushuka kwa kushika breki wakati wote, hata breki zikapata moto na kupoteza nguvu. Mjuzi hutia gia ndogo, akaiacha injini izuie mwendo. Hupunguza kasi kabla ya kuingia kona, si ndani yake. Hatazami gurudumu lake la mbele wala shimo lililo pembeni, bali hugeuza kichwa na kutazama mahali anapotaka kutokea, kwa kuwa chombo hufuata macho. Mawe ya Tremola yakilowa huteleza kama samaki, na mvua ya mlimani haipigi hodi. Waliokufa katika kona hizo si wote walikuwa wakosefu wa ustadi. Wengi walikosa subira.

Mlima umeendelea kutobolewa. Mwaka 1980 lilifunguliwa tundu la motokaa, la urefu wa maili 10 na nusu, hapo hapo baina ya Göschenen na Airolo. Mwaka 2001 magari mawili makubwa yaligongana ndani yake, moto ukawaka, na watu 11 wakafa. Mwaka 2016 likafunguliwa tundu jingine la reli, chini zaidi, la urefu wa maili 35, ambalo watu 9 walikufa katika kulichimba. Basi hakuna tena alazimikaye kupita juu. Hata hivyo kila mwaka, majira ya baridi yakiisha, wafanyakazi wa barabara hupanda na mashine zao, hufungua theluji yadi kwa yadi, na huziba nyufa za kuta, ili Tremola ipitike kwa miezi michache mpaka theluji irudi. Barabara hiyo huhifadhiwa kama ukumbusho wa kale, nayo hulisha tena nyumba za wageni zilizo njiani.

Haya nayo yana upande wake wa pili. Siku za mapumziko wenyeji wa mabonde ya Alpi husikia ngurumo za pikipiki tangu asubuhi mpaka jioni, na wengi hulalamika. Ule ugomvi wa zamani haujaisha: barabara ni ya mwenyeji aitunzaye, au ni ya mgeni aipitaye? Jibu jema ni lile la wachukuzi wa zamani, kwamba haki na wajibu huenda pamoja. Mgeni apitaye taratibu penye vijiji, asiyefungua koo la chombo chake usiku, na anunuaye mkate wake hapo hapo, huyo amelipa sehemu yake.

Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Gotthard walikuwa na nyufa nyingi kila mwaka, na hakuna kizazi kilichoweza kusema kazi imekwisha. Walioshikiza mbao katika karne ya 13 hawakumjua Meschini, Meschini hakujua pikipiki, na waliotunza barabara baada ya mwaka 1882 hawakujua kama itakuja kumfaa mtu tena. Kila mmoja alitengeneza sehemu yake kwa ajili ya apitaye baadaye. Kwa hiyo, wasikilizaji wetu, mtu aonapo njia nzuri mbele yake, na iwe ya mlimani au ya kwenda kisimani tu, na ajiulize ni nani aliyeifungua, na ni nani atakayeifungua tena mvua zikipita.